Kuunganisha TV, king'amuzi, deki na kompyuta kwenye kigeuzi kimoja cha sauti: mwongozo kamili

Swali linalorudi kila mara ni lile lile. Mtu ana amplifaya nzuri ya zamani, pengine Pioneer au Technics ya mtumba, yenye matundu mekundu na meupe tu mgongoni. TV yake mpya haina matundu hayo, ina optiko (tundu linalotoa sauti kwa mwanga) na HDMI. Akanunua kigeuzi, kile kiboksi kidogo kilichoandikwa DAC kinachogeuza sauti ya dijitali kuwa ya analogi, akachomeka TV, muziki ukatoka. Kesho yake akaongeza king'amuzi na deki, na tangu hapo ni kimya, au chenga, au sauti inayokatikakatika.

Mara nyingi kigeuzi ni kizima kabisa. Ama vyanzo viwili (vifaa vinavyotuma sauti) vimeachwa vizungumze nacho kwa pamoja, ama chanzo kinatuma sauti ya mfumo wa sinema ambayo kigeuzi hakiielewi. Hatua za 2 na 5 ndizo zinazoshughulikia hayo, kwa hiyo usiziruke hata kama una haraka.

## Vitu vya kuwa navyo

Kigeuzi chenyewe. Angalia mwelekeo kabla ya kulipa. Kariakoo au Luthuli Avenue, viboksi viwili hukaa rafu moja vikifanana rangi na umbo: kimoja hupokea dijitali na kutoa analogi, kingine hufanya kinyume. Unachokitaka kimeandikwa OPTICAL au COAXIAL pamoja na neno IN, na upande wa pili kina matundu mekundu na meupe ya kutolea sauti. Ukisoma OPTICAL OUT, kirudishe rafuni, hata muuzaji aape vipi.

Adapta yake. Vigeuzi vidogo vingi hutumia volti 5. Shida ni kwamba pini ya adapta ya ruta ya zamani, yenye volti 12, mara nyingi huingia vizuri tu kwenye tundu hilohilo, na ikiingia unaweza kukiaga kigeuzi. Soma namba kwenye adapta na kwenye kigeuzi. Zisipolingana, usichomeke.

Waya za optiko. Mmoja kwa kila chanzo kitakachotumia optiko, na mmoja zaidi ukiweka selekta, kiboksi cha kuchagua chanzo. Jitahidi kila mmoja usizidi mita 5.

Waya wa koaksia, unaobeba sauti ya dijitali kwa umeme, kwa deki zenye tundu hilo. Huenda huna haja ya kununua. Ule wa njano uliokuja na deki kwa ajili ya picha ni wa omu 75, kipimo kilekile ambacho sauti ya koaksia inakitaka.

Waya wa nyekundu na nyeupe, kutoka kigeuzi kwenda amplifaya.

Tepu ya karatasi na kalamu. Waya nyeusi nne nyuma ya meza ya TV hufanana. Zibandike majina.

Selekta ya optiko sijaiweka kwenye orodha kwa makusudi. Usiinunue mpaka umalize hatua ya 2, kwa sababu nyumba nyingi haziihitaji.

## Hatua ya 1: Soma migongo ya vifaa vyako

Zima kila kitu, vuta meza, washa tochi ya simu. Kwa kila kifaa andika kina tundu gani la kutolea sauti.

Tundu la optiko ni la mraba kidogo, mara nyingi lina kifuniko kinachosukumwa ndani, na kifaa kikiwa kimewaka utaona mwanga mwekundu. Koaksia ni tundu la duara moja, aghalabu la rangi ya chungwa au nyeusi, limeandikwa DIGITAL OUT au COAXIAL. Hili la koaksia lina mtego: kwa umbo halina tofauti na matundu ya kawaida mekundu na meupe. Ukilichomeka moja kwa moja kwenye AUX ya amplifaya hutapata muziki, unaweza kupata kimya au mkwaruzo, maana unachotuma ni namba, si muziki.

Kwa wenye PlayStation: PS4 ya kwanza na PS4 Pro zina optiko. PS4 Slim na PS5 hazina, hizo sauti yake hutoka kwa HDMI.

Kompyuta nyingi na baadhi ya simu zina tundu dogo la hedifoni, nalo ni analogi tayari. Haliendi kwenye kigeuzi. Tutalifikia mbele.

Umefanikiwa ukiwa na karatasi inayosema, kwa mfano: TV, optiko. King'amuzi, HDMI na optiko. Deki, koaksia. Kompyuta, HDMI.

## Hatua ya 2: Amua sauti itapitia mlango gani

Kigeuzi hakichanganyi sauti. Kinasoma mkondo mmoja wa namba na kufuata mapigo ya saa ya chanzo kimoja. CD ina sampuli 44,100 kwa sekunde. TV na ving'amuzi kwa kawaida hutuma 48,000. Mikondo miwili ikifika pamoja kwenye tundu moja, ni kama watu wawili wanaosoma taarifa mbili tofauti kwenye kipaza sauti kimoja: hakuna linalosikika.

Wengi hudanganywa na ukimya. King'amuzi ulichokinyamazisha kwa rimoti hakijazimika. Maadamu kimewaka, tundu lake la optiko linaendelea kutuma mapigo ya mwanga, isipokuwa namba zote ni sifuri. Kwa kigeuzi, huo nao ni mkondo kamili.

Kwa hiyo unahitaji kitu kimoja kinachochagua. Njia ni tatu.

Njia ya kwanza: TV iwe mlango. King'amuzi, PlayStation na kompyuta vyote viingie TV kwa HDMI, kisha waya mmoja tu wa optiko utoke TV kwenda kwenye kigeuzi. Ukibadilisha picha kwa rimoti, sauti inafuata yenyewe. Hununui chochote, na hata mgeni aliyekuja kuangalia mpira ataweza kuitumia. Mimi humwambia kila mtu aanze hapa. Kasoro yake ni kwamba ukitaka kusikiliza muziki tu, lazima TV iwake.

Njia ya pili: selekta ya optiko. Hii ni kiboksi chenye matundu matatu ya kuingilia na moja la kutokea. Inafaa kama unasikiliza redio ya king'amuzi au CD bila TV. Chagua inayotumia umeme na yenye rimoti. Ile ya kuzungusha kwa mkono isiyo na umeme hufanya kazi pia, lakini hupoteza mwanga kidogo, kwa hiyo itumie na waya fupi.

Njia ya tatu: vigeuzi viwili. Wengi hawaifikirii. Amplifaya yako ina AUX, CD, TAPE na TUNER. Weka kigeuzi kimoja cha TV kwenye AUX na kingine cha deki kwenye CD, halafu uchague kwa kitufe cha amplifaya chenyewe. Kigeuzi kidogo cha pili mara nyingi hakizidi sana bei ya selekta nzuri, na hiki kimoja kikiharibika kingine kinaendelea.

Kama kigeuzi chako kina tundu la optiko na la koaksia pamoja na swichi ya kuchagua, tayari una nafasi mbili bila kununua kitu: TV kwenye optiko, deki kwenye koaksia. Kisicho na swichi hujichagulia chenyewe, na vyanzo viwili vikiwa vimewaka kinaweza kung'ang'ania usichokitaka. Hapo zima usichotumia.

Onyo. Usitumie kiunganishi cha Y, wala cha optiko wala cha RCA (pini za duara kama za nyekundu na nyeupe), kuleta vyanzo viwili kwenye tundu moja. Cha optiko kimetengenezwa kugawa mwanga wa chanzo kimoja uende sehemu mbili. Ukikigeuza kitafanya kazi siku ambayo kifaa cha pili kimezimwa kabisa, na hapo ndipo utakapoamini umepata suluhisho. Cha RCA ni kibaya zaidi, kwa sababu vifaa viwili vitasukumiana umeme, na kipimo cha omu 75 kitavurugika.

Na kama TV yako haina optiko, ina HDMI iliyoandikwa ARC tu, yaani inayoweza kutoa sauti ya TV? Kigeuzi cha kawaida hakitakusaidia. Nunua kilichoandikwa ARC, kichomeke kwenye tundu hilohilo la ARC na si lingine, kisha washa CEC (inayoruhusu vifaa vya HDMI kuwasiliana) kwenye mipangilio ya TV.

## Hatua ya 3: Unga kigeuzi na amplifaya kwanza

Amplifaya iwe imezimwa, na sauti imeshushwa hadi sifuri. Waya wa nyekundu na nyeupe utoke kwenye kigeuzi uende AUX, CD au TAPE IN. Nyekundu ni kulia, nyeupe ni kushoto.

Usichomeke kwenye PHONO. Tundu hilo ni la sahani za santuri, ambazo hutoa sauti hafifu mno, kwa hiyo amplifaya hulikuza mara mia hivi zaidi na kuongeza besi juu yake. Sauti ya kigeuzi ikipita hapo itakwaruza hata ukishusha.

Sasa pa kigeuzi umeme. Chaja nzuri ya simu ya volti 5 inatosha kama waya wake unaingia. Wengine hutumia USB ya TV ili kigeuzi kizime pamoja na TV. Ni sawa kwa njia ya kwanza, ila kwenye njia ya pili utajikuta unasikiliza CD kimya, ukisahau kwamba kigeuzi hakina umeme.

Umefanikiwa ukiona taa ya kigeuzi imewaka, na ukipandisha sauti ya amplifaya hadi robo husikii kitu zaidi ya sauti hafifu sana ya "shii". Mvumo mzito hapa ni dalili ya waya mbovu au pini isiyoingia sawasawa.

## Hatua ya 4: Chomeka chanzo kimoja tu

Najua hamu ya kuchomeka vyote. Subiri.

Chukua waya wa optiko na utazame ncha zake. Waya mpya huja na vifuniko vidogo vya plastiki angavu, na watu huvichomeka navyo. Vingine vinaonekana kabisa kama sehemu ya pini. Vivute vyote viwili. Kisha geuza pini ilingane na umbo la tundu, maana ina pembe mbili zilizokatwa upande mmoja, na isukume mpaka isikike ikibana. Ukilazimisha ikiwa imegeuka, utavunja kifuniko cha tundu, na pini haitashika tena.

Chomeka upande wa TV kwanza. Washa TV, halafu tazama ncha ya pili: unapaswa kuona mwanga mwekundu. Usipouona, jaribu kwanza mipangilio ya sauti ya TV, kwani nyingine hazitoi kitu mpaka uchague optiko kama njia ya kutolea sauti. Usipoonekana hata hapo, shuku waya. Mwanga ukiwepo, chomeka kwenye kigeuzi.

Waya huu ndani yake ni uzi wa plastiki. Usiupinde kona kali nyuma ya meza wala kuugongea misumari ya waya za umeme ukutani. Ukitaka kuukunja, mzingo usiwe mdogo kuliko mdomo wa glasi ya maji.

## Hatua ya 5: Weka PCM

Hii ndiyo hatua inayookoa watu wengi kuliko zote.

Waya wa optiko unaweza kubeba aina mbili za sauti. Ya kwanza ni PCM, stereo ya kawaida, ambayo kila kigeuzi kinaisoma. Ya pili ni Dolby Digital au DTS, sauti ya spika nyingi iliyofungashwa kwa ajili ya mitambo ya sinema ya nyumbani. Vigeuzi vidogo vingi havina uwezo wa kuifungua. Ikifika, hunyamaza au hutoa chenga.

Ndiyo maana utasikia habari vizuri, halafu filamu ikianza sauti inapotea. Chaneli ya habari ilikuwa stereo, ya filamu ni Dolby. Kigeuzi hakijabadilika.

Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV na utafute aina ya sauti ya dijitali inayotoka. Kwenye Samsung ipo ndani ya Sound, kisha Expert Settings, kisha Digital Output Audio Format. Kwenye LG, chagua kwanza optiko kwenye Sound Out, kisha Digital Sound Output. TV nyingine huandika Digital Output au SPDIF (jina la sauti ya dijitali ya optiko na koaksia), na majina hubadilika kwa toleo. Popote utakapoikuta, chagua PCM. Usiache Auto wala Pass-through.

Kisha fanya vilevile kwenye kila chanzo, si TV peke yake. King'amuzi kina menyu yake ya sauti: ondoa Dolby, weka Stereo au PCM. Deki nazo zina menyu ya SPDIF, na nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa RAW au Bitstream, yaani sauti iliyofungashwa. Baadhi ya TV hupitisha Dolby inayotoka HDMI bila kuigusa, kwa hiyo ukirekebisha chanzo chenyewe umemaliza tatizo kwenye mzizi.

Umefanikiwa ukisikia sauti kwenye spika zote mbili kwa chaneli kadhaa, zikiwemo za filamu na za mpira. Jaribu pia video ya YouTube ya kupima kulia na kushoto. Ikisema kulia na spika ya kushoto ikalia, badilisha waya nyekundu na nyeupe.

Kimoja zaidi: rimoti ya TV huenda isipandishe sauti tena. Kwenye TV nyingi optiko hutoka kwa kiwango kimoja, na unapandisha kwa amplifaya. Nyamazisha spika za TV zenyewe, usije ukasikia kila neno mara mbili. Na waeleze wenzako nyumbani, la sivyo atatokea mtu atakayesema TV imeharibika.

## Hatua ya 6: Ongeza vilivyobaki, kimoja kimoja

Ongeza chanzo cha pili. Kijaribu. Rudi cha kwanza, ukijaribu tena. Ndipo uongeze cha tatu. Ukivichomeka vyote kwa mpigo na sauti ikakataa, hutajua wa kumlaumu.

Kwa selekta: matundu ya INPUT ni ya vyanzo, OUTPUT ni moja tu na huenda kwenye kigeuzi. Bandika tepu juu yake: 1 TV, 2 king'amuzi, 3 deki. Umeme ukikatika na kurudi, baadhi ya selekta hurudi namba 1 zenyewe, kwa hiyo weka hapo kifaa unachokitumia zaidi.

Kwa deki ya koaksia: waya wa njano utoke kwenye COAXIAL ya deki, usitoke kwenye tundu la njano la VIDEO, uingie COAXIAL ya kigeuzi.

Umefanikiwa ukiweza kuzunguka vyanzo vyote na kurudi cha kwanza bila kugusa waya. Kimya cha sekunde moja au mbili wakati wa kubadilisha ni cha kawaida, kigeuzi kinashika mapigo ya chanzo kipya.

## Hatua ya 7: Kompyuta na simu

Kompyuta iingie TV kwa HDMI, kisha kwenye Windows bofya alama ya spika na uchague TV kama kifaa cha kutolea sauti. Usipofanya hivyo itaendelea kulia kwa spika zake ndogo.

Tundu la USB kwenye kigeuzi cha bei nafuu lisikudanganye. Mara nyingi ni la umeme tu. Kigeuzi kinachopokea sauti ya kompyuta kwa USB huandikwa hivyo waziwazi kwenye boksi, na ukikichomeka kompyuta hukionyesha kwenye orodha ya vifaa vya sauti.

Simu ni rahisi zaidi. Nunua kipokezi cha Bluetooth chenye waya wa nyekundu na nyeupe, ukichomeke kwenye tundu jingine la amplifaya. Kina kigeuzi chake ndani, hakihitaji chako.

## Bado haikubali?

Kimya kwenye chanzo kimoja tu. PCM kwenye chanzo hicho. Kama tayari, badilishana waya na chanzo kinachofanya kazi. Kimya kikihama na waya, waya ndio mbovu.

Sauti inakatika kila baada ya muda mfupi. Waya mrefu mno au uliopindwa, au pini haijaingia hadi mwisho. Kwenye selekta isiyo na umeme, fupisha waya.

Mvumo mzito usioisha. Huo ni umeme wa gridi, hezi 50, unaopita kwenye waya za chuma, na mara nyingi huingilia waya wa dishi au wa antena. Zima kila kitu, chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, uwashe tena. Mvumo ukikoma, umempata. Badala ya koaksia tumia optiko kwa kifaa hicho: hupitisha mwanga, kwa hiyo mvumo hauna njia ya kupita kwenye waya huo. Ukibaki, vifaa vyote vichomekwe ekstensheni moja.

Mlio mwembamba kama wa mbu. Chaja ya kigeuzi. Jaribu nyingine.

Midomo na maneno haviendi pamoja. Tafuta Digital Output Audio Delay au AV Sync kwenye TV na uipeleke sifuri, kisha uongeze kidogo kidogo ukitazama msomaji wa habari. Kama sauti imechelewa hata kwenye sifuri, washa Game Mode uone kama tofauti inaongezeka au inapungua, kwa sababu hali hiyo hubadilisha muda ambao TV inachukua kuandaa picha. Ikikataa kabisa, toa optiko ya king'amuzi moja kwa moja kwenda kwenye kigeuzi bila kupitia TV.